Wawili dhidi ya mmoja, halafu sare? Mchezo wa Shangani uliowagombanisha watu

Jumapili iliyopita picha moja ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara. Ubao wa sataranji uko juu ya meza ya plastiki, barazani Shangani, na kete zilizobaki ni tatu tu: mfalme mweupe, askari mweupe na mfalme mweusi. Chini yake mtu kaandika, kuhusu wachezaji wawili wa klabu yetu ya sataranji: "Mwalimu nusu, Fundi nusu." Ilipofika saa mbili usiku ugomvi ulikuwa umeshakolea. Mmoja aliuliza, "Wawili dhidi ya mmoja, sare ya wapi hiyo?" Mwingine akasema mechi imeuzwa. Wa tatu, mzee wa Mikindani anayejulikana kwa bao, akaandika kwa herufi kubwa kwamba mweusi hana pa kwenda, na asiye na pa kwenda KAFUNGWA, mambo ya nusu nusu yametoka wapi.

Mimi nilikuwa pale mezani, nimeshika daftari la klabu. Mechi haikuuzwa. Ila maswali yenyewe ni ya haki, hasa la yule mzee, maana kwa kanuni za mchezo anaoujua yeye, hajakosea hata kidogo.

Tuanze na maneno. Sataranji, au chesi kama vijana wengi wanavyoiita, huchezwa na watu wawili kwenye ubao wa miraba 64. Kila mmoja huanza na kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Anayetafutwa ni mfalme wa mwenzio. Ukimtishia, yaani ukipewa zamu nyingine ungemla, hiyo ni cheki, na mwenye mfalme lazima afanye kitu papo hapo. Akiwa ametishiwa na hana pa kukimbilia, hana wa kumkinga wala wa kumla anayemtishia, hiyo ni chekimeti. Mchezo umeisha, aliyetishia ameshinda.

Sare basi ni mchezo ulioisha bila chekimeti, bila mtu kunyosha mikono na bila saa kumtupa mtu nje. Kila mmoja anachukua nusu pointi. Watangazaji wetu wa mpira hutofautisha: 1-1 ni sare, 0-0 ni suluhu. Kwenye sataranji tofauti hiyo haina kazi, kwa sababu hakuna mabao ya kuhesabu. Nadhani ni hapo watu wengi wanapopotea.

Mpirani, Namungo wakipata bao dakika ya 10 pale Ruangwa wakalilinda hadi filimbi ya mwisho, pointi tatu ni zao. Muda wenyewe unawafanyia kazi. Sataranji haina filimbi ya hivyo. Uwe umemzidi mwenzio kete moja au saba, hakuna refa anayekuja kuzihesabu mwishoni na kukupa ushindi. Kete ya ziada ni mtaji tu. Askari mmoja wa ziada ni kama mche wa mkorosho: una thamani kwa sababu ya utakachokuwa, si kwa ulivyo leo. Mche unahitaji miaka mitatu hivi ndipo uanze kukupa kitu cha kupeleka ghalani. Askari naye anatakiwa atembee hadi mstari wa mwisho wa ubao, ageuzwe malkia, na malkia huyo ndiye akalete chekimeti. Akizuiwa njiani, mtaji umeoza mkononi. Kwa hiyo swali la "wawili dhidi ya mmoja" lingeulizwa hivi: je, yule askari angefika?

Nirudi kwa mzee wa Mikindani. Kwenye bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, unapoteza mbele ikiwa tupu, na unapoteza pia ukikosa namna ya kucheza. (Kete 64 za bao na miraba 64 ya sataranji, mtu anaweza kukesha akitafuta undugu hapo. Mimi siutafuti.) Kwenye drafti nako ni vivyo hivyo: ukifungiwa vizibo vyako vyote vya soda, huna pa kusogea, umekwisha. Mtu aliyekulia kwenye michezo hiyo miwili akiiona picha ya Shangani lazima aseme mweusi kafungwa.

Sataranji imeamua vingine. Ikiwa ni zamu yako, hujatishiwa, lakini huna hata hatua moja halali ya kucheza, mchezo ni sare. Sisi klabuni tunauita mkwamo. Tofauti yake na chekimeti ni moja tu, nayo ni kubwa: kwenye chekimeti mfalme yuko chini ya tishio, kwenye mkwamo hajatishiwa. Ni kama kumzingira mtu ndani ya nyumba yake ukaziba milango yote, lakini hujaingia kumkamata. Hawezi kutoka, nawe hujamshika.

Kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Uingereza ya karne ya 17 na 18 ilikuwa na utaratibu wa ajabu: aliyemkwamisha mwenzake ndiye aliyehesabiwa ameshindwa, kama adhabu ya uzembe. Mambo yalikuja kutulia kwenye sare mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo mzee wetu akisema kanuni hii ingeweza kuwa vingine, historia iko upande wake. Kinachomwangusha ni kwamba haiko hivyo leo.

Sasa tuuone mwisho wenyewe wa mchezo. Ubao wa sataranji una safu nane zinazoitwa kwa herufi, a hadi h, na mistari nane yenye namba, 1 hadi 8. Mraba wa e5 ni pale safu ya e inapokatana na mstari wa 5. Ukiwa na ubao, au hata karatasi na vifuniko vitatu vya chupa, fuatilia: mfalme mweupe yuko d5, askari wake yuko e5, mfalme mweusi yuko e7. Mwalimu anacheza nyeupe na ni zamu yake. Askari anatakiwa kufika e8.

Mwalimu akamsogeza askari hadi e6. Hapo Fundi akakaa kimya karibu dakika nne, na watu waliosimama nyuma yake wakaanza kunong'ona kwamba kaishiwa. Mfalme wake alikuwa na miraba mitatu ya kurudi nyuma: d8, e8 na f8. Yote inaonekana sawa, wala si sawa. Akarudi moja kwa moja nyuma, e8. Mwalimu akamleta mfalme d6. Fundi akaenda d8, akisimama uso kwa uso na mfalme wa Mwalimu, mraba mmoja mtupu katikati yao. Askari akasogea e7, cheki. Fundi akarudi e8, mbele kabisa ya pua ya askari.

Hapo Mwalimu ana njia mbili tu. Akimwacha askari bila ulinzi, mfalme mweusi anamla na wanabaki wafalme wawili watupu. Akimlinda, mraba pekee unaomfaa ni e6. Tuseme kaenda e6, kama alivyofanya. Tazama sasa mweusi: d8 na f8 zinalindwa na askari, d7 na f7 zinalindwa na mfalme mweupe, na askari mwenyewe pale e7 haliki kwa sababu mfalme wake yuko nyuma yake. Askari hula kwa mshazari, kwa hiyo mfalme mweusi aliye mbele yake hajatishiwa. Hajatishiwa na hana pa kwenda. Mkwamo.

Fundi angekosea mraba mmoja tu, ule wa mwanzo, mambo yangekuwa mengine. Angerudi d8 badala ya e8, Mwalimu angemleta mfalme d6, na safari hii ni Fundi anayetakiwa kusogea. Anakwenda e8, askari anakuja e7 bila cheki, mfalme mweusi analazimika kutoka kwenda f7, mweupe anaingia d7, na askari anakuwa malkia. Kete zile zile tatu, hatua moja tofauti, ushindi kamili.

Siri yake ni zamu. Fikiria bodaboda mbili zimekutana kwenye kichochoro cha mji wa kale wa Mikindani, kuta za mawe huku na huku. Hakuna anayeweza kupita. Wa kwanza kusogea ndiye atakayempisha mwenzake. Wafalme wawili wanaotazamana na mraba mmoja katikati yao wako hivyo hivyo: mwenye zamu ndiye mwenye tabu, kwa sababu sataranji hairuhusu kupitisha zamu. Fundi alirudi e8 ili Mwalimu akisogea d6, yeye ndiye wa kumkabili, si wa kukabiliwa. Wachezaji wa klabu hujifunza jambo hili mapema, na wengi hulisahau wakati saa inakimbia. Dakika nne zile alikuwa anahesabu, hakuwa ameishiwa.

Na hakufika pale kwa bahati. Alipoteza askari katikati ya mchezo, tangu hapo kila alipopata nafasi akawa anabadilishana askari kwa askari. Huo ni ujanja wa zamani: aliye nyuma huondoa askari ubaoni, kwa sababu bila askari hakuna wa kugeuka malkia. Aliye mbele hutakiwa kubadilishana kete kubwa na kubakiza askari wake. Mwalimu anajua hayo vizuri. Kwenye hatua ya 40 hivi alikubali badilishano moja la askari ambalo hakutakiwa kulikubali, na nadhani mchezo uliamuliwa pale, hatua zaidi ya ishirini kabla ya picha kupigwa. Waliogombana kwenye grupu walikuwa wanaangalia kaburi, ugonjwa ulishapita.

Mkwamo ni mlango mmoja tu wa sare. Milango mingine nitaipita haraka, ila kila mmoja una uzushi wake unaotembea vijiweni.

Kuna kurudiwa kwa hali. Ubao ukiwa katika hali ile ile mara tatu, kete zote pale pale, mwenye zamu yule yule na haki zile zile za kucheza, mchezaji anaweza kudai sare. Watu husema "cheki tatu ni sare." Siyo. Unaweza kupiga cheki kumi na mchezo ukaendelea, mradi hali inabadilika. Na mara hizo tatu si lazima zifuatane. Wakiendelea hadi mara ya tano bila mtu kudai, mwamuzi mwenyewe anausimamisha mchezo.

Kuna hatua 50. Hapa ndipo nimesikia mengi. Kuna baraza ambako mfalme akibaki peke yake watu huanza kuhesabu hadi 16, kwingine 21, na mhesabuji huwa ndiye mwenye sauti kubwa. Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, zinasema hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa na bila askari yeyote kusogea. Askari akisogea au kete ikiliwa, hesabu inaanza upya. Zikifika 75, mwamuzi anafunga bila kuombwa.

Kuna pia hali ambayo chekimeti haiwezekani hata mkicheza vibaya makusudi: mfalme kwa mfalme, au mfalme na askofu mmoja dhidi ya mfalme, au mfalme na farasi mmoja dhidi ya mfalme. Mchezo unakufa wenyewe. Hata saa inatii jambo hili: aliyeishiwa muda kwa kawaida amepoteza, lakini ikiwa mwenzake amebaki na mfalme mtupu asiyeweza kumletea chekimeti kwa namna yoyote, ni sare.

Halafu kuna zile zinazodanganya macho zaidi, za maaskofu wa rangi tofauti. Askofu wako anatembea miraba myeupe tu, wangu myeusi tu, hadi mwisho wa dunia. Ni kama majahazi mawili ya zamani, moja linasafiri na kusi na jingine na kaskazi, hayatakutana baharini. Unaweza kunizidi hata askari wawili, nikamweka mfalme na askofu wangu kwenye rangi ambayo askofu wako haigusi, ukakesha ukigonga mlango.

Sasa tuje kwenye tuhuma. Sare ya makubaliano ipo, na ni halali. Mchezaji anacheza hatua yake, anasema "Sare?", kisha anabonyeza saa. Mwenzake akikubali wanapeana mikono. Wapo wanaoitumia vibaya, wanapeana mikono kwenye hatua ya 12 wakaenda kunywa chai, na mimi binafsi siipendi tabia hiyo. Ndiyo maana mashindano mengine hukataza kuombana sare kabla ya hatua fulani. Lakini Jumapili ile Fundi aliomba mara moja tu, baada ya badilishano lile la askari. Akauliza kwa heshima, "Mwalimu, sare?" Mwalimu hakuinua hata macho. "Bado, kijana wangu. Cheza." Wakacheza hadi hatua ya 61. Mtu anayeuza mechi hachezi saa tatu na nusu kwenye joto lile.

Wanaodhani sare ya watu wenye nguvu sawa inatia shaka wangetazama namna viwango vinavyohesabiwa. Mfumo unaotumika duniani unaitwa Elo, kwa jina la Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, na FIDE waliuchukua mwaka 1970. Wazo lake ni jepesi: kabla ya mchezo, tofauti ya alama zenu inasema unatarajiwa kupata kiasi gani. Mkiwa sawa, unatarajiwa nusu. Ukipata nusu umepata kilichotarajiwa, alama hazisogei. Ila ukiwa na alama 1500 na mwenzio 1700, wewe unatarajiwa kama 0.24 tu. Ukitoka naye sare umevuka matarajio, na kwa kipimo cha kawaida cha wachezaji waliozoea unaondoka na alama kama 5 kutoka kwake. Kwa hiyo sare moja inaweza kuwa sherehe upande huu wa meza na msiba upande wa pili.

Mwalimu na Fundi wako karibu sawa. Kabla ya Jumapili daftari lilionyesha wameshakutana mara 11: kila mmoja ameshinda mara 3, sare 5. Hii imekuwa ya sita. Hakuna aliyepanda wala kushuka, na daftari halikushangaa.

Wakubwa nao hawako mbali na hapo. Karpov na Kasparov walianza kugombea ubingwa wa dunia mjini Moscow mwaka 1984, mshindi akitakiwa kushinda michezo sita. Walicheza michezo 48, 40 kati yake sare, Karpov akiwa na ushindi 5 na Kasparov 3, hadi pambano likasimamishwa Februari 1985 bila mshindi. Mwaka 2018 London, Carlsen na Caruana walicheza michezo 12 ya muda mrefu na yote 12 ikawa sare. Carlsen akatetea taji kwenye michezo ya haraka, 3-0. Ukisema hao ni binadamu na wanachoka, tazama mashine: mwaka 2017 programu ya AlphaZero ilicheza na programu nyingine, Stockfish, michezo 100, ikashinda 28, haikupoteza hata mmoja, na 72 ikaisha sare.

Wapenzi wa drafti wasicheke sana. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba drafti ya Kiingereza, ile ambayo kingi anatembea mraba mmoja mmoja na si kuruka ubao mzima kama kingi wetu wa kijiweni, ikichezwa na pande zote mbili bila kosa lolote huisha sare. Sataranji haijathibitishwa hivyo, ni kubwa mno. Ila wachezaji wengi wazito wanaamini jibu lake ni hilo hilo.

Jumatatu jioni mzee wa Mikindani alikuja mwenyewe barazani. Tulimwamkia, akaitikia, akaomba ubao upangwe kama kwenye picha, kisha akaurudisha nyuma hatua tatu kwa mkono wake. Akakaa upande mweupe, Fundi mweusi. Alijaribu kumleta mfalme kushoto, akajaribu kulia, akajaribu kumchelewesha askari ili zamu igeuke. Mara zote Fundi alirudi nyuma moja kwa moja, na mara zote ikaisha pale pale. Mara ya tano mzee akasukuma ubao pembeni taratibu, akachukua ming'oko kwenye sahani, akachovya kwenye chumvi na pilipili. "Mchezo wenu una huruma sana," akasema. "Jumapili nakuja na bao langu. Huyu kijana akikosa pa kwenda siku hiyo, asinililie nusu."